Salamu Juu ya Handaki

Nilipofika Maryland nilikuta njia ya kijani ya treni ya chini ya ardhi iko vipande viwili. Kipande cha kaskazini kilitoka Greenbelt, kikapita kwetu Hyattsville, kikafia Fort Totten. Kipande cha kusini kilitoka Anacostia, kikaingia mjini na kufia U Street. Katikati palikuwa na maili kama tatu za mji ambako treni haikufika. Kwenye ramani iliyobandikwa stesheni, maili hizo zilichorwa kwa vistari vilivyokatikakatika, vya rangi ileile ya kijani, na pembeni palikuwa na maneno madogo yaliyosema kwamba ujenzi unaendelea.

Wageni wetu hawakuyasoma maneno madogo. Mtu aliambiwa na binamu yake, "Panda ya kijani mpaka Anacostia, nitakungoja nje," naye akapanda ya kijani, akafika Fort Totten, akateremshwa na mizigo yake. Binamu akangoja Anacostia mpaka akachoka. Baadaye wakubwa wa treni waliamua kwamba asubuhi na jioni treni zetu ziazime reli za njia nyekundu ili zifike katikati ya mji, na hapo hata sisi wenyeji tukaanza kupotea.

Mimi nilifanya kazi kwenye vile vistari. Asubuhi nilishuka Fort Totten, nikapanda basi hadi Petworth, nikavaa kofia ngumu na buti, nikaenda kusaidia kuunganisha njia ambayo kama ingekuwa imeungana ningefika kazini mapema. Jioni, siku nne kwa wiki, nilikwenda chuo cha jamii kule Annandale kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Huko nako treni haikufika, ila huko hakuna aliyeahidi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma nyufa. Mashine ya kuchimba handaki ilikuwa chini, ikisogea hatua kama arobaini kwa siku, na juu yake zilikuwapo nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, za watu ambao hawakuombwa ushauri. Ardhi ikichimbwa hutulia upya, na nyumba hutulia nayo. Kwa hiyo kwenye kila ufa wa zamani tulibandika kipimo: vipande viwili vya plastiki angavu vilivyopandana, kimoja kina miraba midogo ya milimita, kingine kina msalaba mwekundu. Ufa ukipanuka, msalaba unasogea juu ya miraba. Nami nilipita nyumba hadi nyumba, nikishuka vyumba vya chini vyenye mashine za kufulia na makochi yaliyostaafu, nasoma msalaba uko wapi, naandika. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu anayependa kuhesabu na asiyependa kuulizwa maoni. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Mhandisi wetu alikuwa mwanamke wa Ohio, mrefu, aliyekunywa soda isiyo na sukari kuanzia saa moja asubuhi. Alipenda majibu mafupi. Ukimwambia "Inategemea" alikuwa anaiweka chupa chini na kukutazama mpaka ukumbuke jibu halisi.

Nyumba ya kumi na moja kwenye orodha ilikuwa imewashinda wenzangu wawili. Mwenyewe alifungua mlango, akawatazama, akasema Kifaransa, akafunga. Mhandisi alikuwa amesikia kwamba mimi natoka Afrika, akaniuliza kama naweza kusaidia. Nikamwambia Afrika ni kubwa. Akasema mlango ni mmoja tu, nijaribu.

Nikagonga. Akafungua mama wa makamo yaliyokwisha, kitenge kiunoni, sweta la mwanamume juu. Sijui kwa nini, badala ya Kiingereza nikasema, "Shikamoo, mama." Kwao Bukavu, mashariki ya Kongo, salamu hiyo haitumiki, lakini aliijua kuwa ni heshima, na sura yake ikafunguka yote.

"Jambo, mutoto wangu," alisema. "Habari gani? Ingia. Baridi iko mingi."

Ilikuwa Aprili na hapakuwa na baridi. Niliingia. Akaniuliza habari ya kazi, habari ya kwetu, habari ya baba na mama ambao hakuwahi kuwaona, habari ya tumbo langu. Zote zilikuwa nzuri. Mimi nikamwuliza za kwake, zikawa muzuri. Mumewe alikuwa dereva wa ubalozi, akanunua nyumba ile wakati mtaa ule haukutakwa na mtu, akafa, akamwachia. Alinipa bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu kilichokuja kimeganda kutoka duka la Langley Park. Kisha nikashuka chini, nikakuta ufa mrefu kwenye ukuta wa nyuma, nikabandika kipimo. Kwenye fomu za kampuni, kila nyumba ilipangiwa dakika tano. Ile ilichukua saa moja na nusu, na dakika nne tu ndizo zilikuwa za ufa.

Nikawa naenda kila Jumanne na Ijumaa. Kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia palikuwa na meza yenye kitambaa cha kufuma, juu yake simu, kando yake kiti chenye mto. Mto ulikuwa umebonyea sana. Simu ikilia mama aliacha lolote alilofanya, hata sufuria motoni, akaishika kwa mikono miwili. "Allô?" Mara nyingi alikuwa mtu wa kuuza huduma ya kusafisha mazulia. Mimi niliona tu kwamba ni mama anayependa kuzungumza na simu. Sikumwuliza. Mtu hamwulizi mama wa watu kwa nini kiti chake kipo pale kilipo.

Mwanzoni mwa Juni mhandisi aliniita akanipa barua. Mashine ingepita chini ya nyumba ya kumi na moja wiki iliyofuata, udongo wa pale ulikuwa mbaya kuliko ilivyodhaniwa, na ukuta wa nyuma haukuaminika. Mwenye nyumba ahamie hotelini Silver Spring kuanzia Jumatatu, wiki tatu, kwa gharama ya kampuni. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nilitakiwa nimweleze kwa lugha yake, halafu kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa *amearifiwa, amekubali*, nikiwekee alama.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu kwetu. Kwetu habari mbaya haitangulii kuingia mlangoni. Babu yangu alipofariki, mjumbe alifika nyumbani Kondoa asubuhi. Baba akamwuliza habari za huko, akasema nzuri. Za watoto? Nzuri. Za mzee? Nzuri. Akapewa maji, akanywa. Akaletewa uji, akaumaliza. Ndipo akasema, "Nzuri, ila mzee hatunaye tangu jana." Hakuna aliyemwona mwongo. Tangu alipokubali uji baba alikuwa ameshajua, na wakati ule wa uji ulikuwa wake wa kujiandaa. Mimi nilikuwa mdogo, nikaona hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya kazi.

Ijumaa hiyo nilimwamkia mama. Akaniuliza habari ya kazi.

"Nzuri."

"Na banaochimba?"

"Wazima, wanaendelea vizuri."

"Na ile ufa yetu?"

"Nzuri," nikasema. Nikala. Nikanawa. Nikamsifia sombe. Kisha nikasema, "Nzuri, ila wiki ijayo kutakuwa na kazi kidogo hapa chini. Wazee wa kampuni wameona labda upumzike hotelini siku chache. Ni hoteli safi. Gari litakuja Jumatatu."

Akatazama kitambaa cha kufuma. "Hoteli," alisema. "Bon. Tutaona, mutoto wangu. Mungu akipenda."

Nikapanda basi kurudi ofisini. Mhandisi aliuliza, "Ndiyo au hapana?"

Mtu yeyote aliyekulia kwenye Kiswahili, awe wa Kondoa au wa Bukavu, anajua maana ya *tutaona, Mungu akipenda*. Mimi niliijua nikiwa bado mezani kwake. Lakini kusema "hapana" kwa mhandisi kulikuwa kumsema mama vibaya, na kurudi kwa mama kumwuliza mara ya pili kulikuwa kumvunjia heshima, na ilikuwa Ijumaa. Nikasema ndiyo. Nikaweka alama kisandukuni, tena kwa kalamu ya wino.

Jumatatu gari la hoteli lilikwenda. Dereva alikaribishwa, akapewa chai, akakaa saa nzima, akarudi peke yake. Hakuelewa kilichosemwa lakini alisema ni mama mkarimu sana.

Mhandisi aliweka chupa chini. "Uliniambia amekubali."

"Alisema tutaona."

"Tutaona ni ndiyo?"

"Hapana."

"Hapana, siyo ndiyo, au ni hapana?"

"Ni hapana," nilisema.

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alinieleza kwamba mashine ile haiwezi kusimama, ikisimama udongo unaikaba. Kwamba iko hatua sabini kutoka ukuta wa nyuma. Na kwamba kwa sababu ya alama yangu moja ya kalamu kuna mama mzee amekaa juu ya shimo akidhani mambo ni mazuri. Nirudi sasa hivi, nimwambie kama ilivyo. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka nabadilisha mkao.

Nilitembea haraka mitaa minne. Mama alipofungua sikusema shikamoo.

"Mama, mashine iko hapo nyuma. Keshokutwa itakuwa chini ya jikoni. Ukuta huu unaweza kuanguka, na ukiwa ndani unaweza kufa. Chukua nguo, twende."

Alisimama ameshika kitasa. Nilimwona akiyapokea maneno moja moja, bila maji, bila uji.

"Aa," alisema mwishowe. "Sasa unasema. Ile siku ulikuja, ukakula, haukusema."

"Nisamehe, mama."

"Mi siwezi kutoka," alisema, akakaa kwenye kile kiti chenye mto, akaweka mkono juu ya simu. "Mutoto wangu anajua namba hii moja tu."

Hapo ndipo nilipojua. Kitinda mimba wake alibaki Bukavu. Vita vilipoingia mwaka uliotangulia alipiga simu, akasema wanakimbilia msituni na wenzake, akasema, "Mama, usitoke kwa simu." Namba ya nyumba ile alikuwa ameishika kichwani tangu utoto, enzi za baba yake. Ilikuwa imepita miezi minane. Kwa miezi minane mama hakwenda kanisani, hakwenda kwa daktari, sombe aliletewa na jirani, na mto wa kiti ulibonyea namna ile. Na mimi mara mbili kwa wiki nilipita mbele ya kiti kile na daftari langu la kupimia mambo.

Nikatumia simu ileile kumpigia mhandisi. Aliniuliza, "Kwa nini hakusema tangu mwanzo?"

"Hakuulizwa."

"Nani alitakiwa kumwuliza?"

Mtu mwenyewe alikuwa amevaa buti zangu.

Kwake yeye lilikuwa jambo la dakika kumi. Simu inaweza kuhamishwa: anayepiga anapiga namba ya zamani, inalia mahali pengine. Ihamishiwe hotelini. Lakini tulipopiga hotelini kujaribu, alijibu karani wa mapokezi, Kiingereza mbio mbio, akitaka namba ya chumba. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. Mwanawe hakujua Kiingereza, na chumba angekijulia wapi? Nikasema ihamishiwe kwangu. Nilisema kabla ya kufikiri, kwa sababu ya aibu, na pia kwa sababu kwetu daima kulikuwa na mtu. Mama akaenda kuchukua nguo.

Niliishi na Mkenya mmoja wa Machakos, mtu wa maghala kule Landover. Yeye alifanya kazi usiku akalala mchana kwenye kochi. Mimi nilifanya mchana.

"Kwa hivyo sasa mimi ni secretary," alisema.

"Ni wiki tatu tu."

"Na akipiga nimwambie nini?"

"Kwamba mama yake ni mzima. Mpe namba ya hoteli na ya chumba. Muulize yuko wapi."

"Ataongea Kiswahili ya wapi?"

"Ya Bukavu."

"Sawa," alisema, akavuta kochi karibu na simu. "Nita-manage."

Mashine ilipita Jumatano. Mimi na mhandisi tulikaa katika chumba cha chini tangu asubuhi, tukisoma kipimo kila nusu saa. Vikombe vya mama vilitetemeka kabatini juu yetu. Plasta ilidondoka kipande cha ukubwa wa sahani. Msalaba mwekundu ulitembea mraba mmoja, ukaingia nusu ya mraba wa pili, ukasimama. Jioni mhandisi alisema nyumba imekaa, ila ardhi iachwe itulie na kudungwa saruji kwanza. Njia ilipounganishwa mwaka wa tisini na tisa nilipanda treni siku za mwanzo, nikiwa na saa mkononi. Chini ya jikoni ile treni inapita kwa muda usiotosha kusema shikamoo na kuitikiwa marahaba.

Siku zile nilibadilika. Mhandisi alinisifu mbele ya wenzangu kwamba sasa nasema mambo kama yalivyo, na sifa zikaniingia. Nikawa mtu wa moja kwa moja. Nilimwambia mwalimu wetu wa kwaya kwamba sauti ya tatu inaimba pembeni. Ofisini niliingia bila kusema lolote nikaanza kutaja namba. "Siku hizi unaongea ni kama uko kwa interview," Mkenya aliniambia, "na ni wewe una-interview." Nilimhesabu kuwa mtu wa kizamani. Ukutani juu ya simu nilibandika karatasi yenye mistari mitatu ya kumwambia kijana wa watu, ili dakika zake za simu, ambazo huko aliko lazima zilikuwa ghali, zisipotee bure. Niliipenda sana karatasi ile.

Wiki ya kwanza walipiga akina mama wa kanisa lake na watu wa mazulia. Wiki ya pili, Jumapili baada ya ibada, Mkenya akikaanga mayai, simu ililia, na nilipoinyanyua kulikuwa na ule ukimya wa mbali, kisha sauti.

"Allô? Ni nani?"

Nikasoma karatasi. "Mama yako ni mzima. Hayupo nyumbani, yuko hotelini, andika namba hii. Wewe uko wapi?"

Sauti zilikuwa zinafika zimechelewa. Nilingoja. Nikasikia pumzi.

"Weye ni nani?" ilisema. "Hata jambo hausemi. Unaniuliza mi niko wapi?"

Ikakata.

Niliendelea kushika simu. Mkenya alitoka jikoni na kijiko cha kukaangia.

"Ni yeye?"

"Amekata."

"Ulimwambia nini?"

Nikamwonyesha karatasi. Aliisoma polepole, mistari yote mitatu. "Hukumsalimia."

"Dakika ni ghali."

"Mtu ametoroka vita," alisema. "Anapigia mamake. Inashikwa na mwanaume hajui, hamsalimii, anamwambia mamake hayuko nyumbani, halafu anamuuliza ako wapi. Bro, uli-sound kama CID." Akarudi jikoni kugeuza yai. "Hata mimi ningekata. Na mimi sijatoroka mtu."

Nilipanda treni hadi Fort Totten, nikaingia ya nyekundu hadi Silver Spring. Njia nzima nilipanga namna ya kumwambia. Njia ya kwetu ilikuwa imeshindwa, nami nilikuwa nimejifunza ya mhandisi, nayo ikashindwa. Ya tatu sikuwa nayo. Nilikuwa nimepoteza mtoto wa mtu kwa sentensi tatu. Sijawahi kutamani treni ikwame kama siku ile, na siku ile haikukwama.

Mama alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, mkoba mapajani, amekaa kiti kilicho karibu kabisa na simu ya mapokezi. Nikamwamkia.

"Jambo, mutoto wangu. Habari ya nyumba?"

"Nzuri."

"Ya ufa?"

"Nzuri, umesimama."

"Ya ule muKenya?"

"Mzima, anakusalimia."

"Ya simu?"

"Nzuri," nikasema, "ila..."

Nikakwama. Nilimwona anakaza mikono juu ya mkoba, na kwa mara ya kwanza nikajua neno lile linavyomfikia anayelipokea.

"Imelia," nikasema. "Leo. Alikuwa mwanamume. Sikumsalimia, nikamwuliza yuko wapi, akaogopa, akakata. Nisamehe mama, nimekupotezea mtoto."

Alikuwa hasogei. "Alisema nini? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Weye ni nani? Hata jambo hausemi.'"

Akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Alipoondoa mkono alikuwa analia kweli, lakini anacheka.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye. "Njo mutoto wangu! Nilimuchapa mingi juu ya ile. Kila siku: salimia batu, salimia batu." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Iko muzima. Iko na nguvu ya kukasirika."

Karani wa mapokezi aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Mama alinirudisha nyumbani papo hapo, nikae kwenye simu. "Akipiga tena," alisema, akininyooshea kidole, "unasalimia."

Nilipofika Hyattsville karatasi yangu haikuwepo. Mkenya alikuwa amebandika yake: *Jambo. Habari gani. Habari ya mwili. Habari ya safari. Hapa ni kwa mama. Pole.* Tukakaa siku sita zilizobaki. Walipiga watu wa mazulia tu, naye aliwasalimia wote mpaka mwisho, na mmoja, nafikiri, aliguswa.

Mama alirudi nyumbani Jumamosi, simu ikarudishwa kwake. Jumanne nilikwenda kusoma kipimo. Alifungua, tukasalimiana: kazi, masomo, baba na mama, tumbo. Nikashuka. Msalaba ulikuwa palepale. Nikapanda, nikapewa bugali, nikala, nikamsifia sombe, nikanawa mikono. Alinitazama nikijifuta mpaka kidole cha mwisho.

"Alipiga," alisema. "Jana."

Nikaweka kitambaa mezani. "Mlizungumza nini?"

"Tulisalimiana." Alikaa kwenye kiti chenye mto, akaanza kuhesabu vidoleni. "Aliniuliza habari ya mwili. Ya magoti. Ya nyumba. Ya kaburi ya baba yake. Ya jirani wote, moja moja. Aliniuliza na ya ule mutu wa simu, mwenye hana adabu. Nikamuambia iko muzuri, anajifunza. Na mi nikamuuliza zake zote." Akashusha mikono. "Kisha ikakatika."

"Yuko wapi, mama?"

"Hatukufika kule."

Nilimtazama, na nadhani sura yangu ilikuwa ya mhandisi, maana alinigonga goti kidogo, kunituliza.

"Atapiga tena," alisema. "Salamu tulishamaliza."